Gari Linalotembeza Gesi

Jumatatu, 3 Machi

Jambo hili sijawahi kumwambia mtu: mimi huweza kuongea garini tu. Si kwamba ni bubu. Darasani huitika jina langu likiitwa. Dukani huonyesha kwa kidole. Lakini kuongea kwenyewe, kule kuanza sentensi na kuimaliza, huniwezekana mahali pamoja tu: kiti cha mbele cha gari la Baba, asubuhi, sote wawili tukiangalia barabara. Kutoka nyumbani hadi shuleni ni dakika nane. Duka la Baba la kutengeneza saa liko mkabala na geti la shule. Dakika nane kwa siku, siku tano kwa wiki. Maneno yangu yote yamo humo.

Leo, mezani, Baba ametangaza kwamba gari litauzwa mwisho wa mwezi. Linakunywa petroli kupita kiasi. Ni la turbo. Aliyemuuzia alimwambia turbo ni kitu kidogo tu, kama feni. Kidogo! Kaka alifurahi mpaka akaongeza chakula. Anataka inunuliwe pikipiki. Alisema tutapanda kwa zamu. Mama akasema zamu yake wapewe kuku.

Mimi sikusema kitu. Tulikuwa mezani.

Lakini nina mpango! Kitabu cha maktaba, ukurasa wa 112, kinasema gari la petroli linaweza kubadilishwa litumie gesi, ileile ya mitungi ya jikoni, na gharama ikapungua sana. Turbo hakikuitaja. Nadhani walikosa nafasi.

Jumanne, 4 Machi

Baada ya shule nimekwenda gereji ya gesi, nyuma ya kiwanda cha matofali. Mwenyewe ni mama mmoja mnene wa sauti nzito. Wote humwita Mama Povu, kwa sababu kila kiungo cha bomba hukipaka povu la sabuni, kisha hukaa akitazama kama kuna kiputo.

Nilimwamkia. Hapo nguvu zikaniishia, nikampa karatasi yenye maswali ishirini na mawili. Akayasoma kwa sauti, mbele ya mafundi wake wote! Swali la kumi na nne (je, sare yangu ya shule itanuka jiko?) alilisoma mara mbili.

Akasema turbo si kikwazo, kikwazo ni ubahili. Turbo inaposhindilia hewa, injini inataka gesi nyingi papo hapo. Ukiifungia regyuleta, kile kifaa cha kuipimia injini gesi, ndogo ya gari la kawaida, itakosa pumzi, kama mtu anayepanda ngazi na mafua. Inatakiwa kubwa, na nozeli zake za kupulizia gesi, na plagi mpya.

Kisha akaanza kuniuliza yeye. Gari lina afya? Nikaitikia kwa kichwa. Halipunguzi maji? Nikaitikia. Huwa tunakwenda safari ndefundefu? Nikaitikia. Mgeni akiniuliza jambo, kichwa changu hukubali chenyewe. Ndiyo njia fupi ya kumaliza mazungumzo. Akasema nina adabu, nimlete baba yangu. Mama mwema sana.

Jumatano, 5 Machi

Nilikuwa na sababu tano na hotuba ya dakika kumi na mbili. Nimeanza kabla Baba hajatoa breki. Nimefika katikati ya sababu ya tatu, tukawa tumefika shuleni. Baba akatazama usukani. Akasema hiyo ya tatu hajaielewa vizuri, tutairudia.

Jioni alipitia kwa Mama Povu peke yake. Aliporudi akafungua kabati, akatoa akiba ya kiti.

Lazima niandike habari za kiti. Baba ameketi miaka kumi na miwili juu ya stuli ambayo mguu wake mmoja ni mfupi. Chini yake huweka karatasi iliyokunjwa. Alikuwa akiweka akiba anunue kiti chenye mgongo. Leo akiba yote imekwenda kwenye gesi, kwa sababu ya sababu zangu mbili na nusu.

Sijui mtu hushukuru vipi kwa jambo kama hilo. Nimemkunjia karatasi mpya ya kuweka chini ya mguu wa stuli. Nene zaidi.

Jumamosi, 8 Machi

Siku kuu ya maisha yangu! Tangu asubuhi tuko kwa Mama Povu. Tangi ni la mviringo kama tairi, limelala ndani ya buti mahali pa tairi ya spea. Spea imehamia kiti cha nyuma, na Mama ameshaambiwa kwamba atakuwa na jirani. Regyuleta ni kubwa kama mkate. Imeunganishwa na mpira wa maji ya moto ya injini, maana gesi hutoka kwenye tangi baridi kama barafu na lazima ipashwe moto kwanza.

Kazi yangu ilikuwa kushika taa. Nimeishika vizuri. Pia nimeangusha boliti moja chini ya injini, na mafundi wawili wameitafuta saa nzima. Mama Povu hakunigombeza. Alisema boliti hupenda kujificha kwa wasomi.

Kisha povu. Kila kiungo. Tukatazama wote. Hakuna kiputo!

Akatueleza kwamba gari litawaka kwa petroli, taa ya manjano. Injini ikishapata moto litajihamisha lenyewe kwenye gesi, taa ya kijani. Tukaenda nalo barabarani dakika arobaini, yeye na kompyuta yake mapajani. Taa ya kijani! Mlimani turbo ikapiga mluzi, gari likapanda kama limesukumwa. Baba alitabasamu mpaka meno yakaonekana. Nimeyahesabu: sita.

Jumatatu, 10 Machi

Manjano.

Njia nzima manjano. Mtaa wetu uko juu mlimani na barabara ya mjini inateremka mwanzo hadi mwisho. Baba hukanyaga breki tu. Nimeikodolea taa ile macho dakika zote nane na sikusema hata neno moja. Siku nzima ya maongezi imepotea!

Jioni nilimsubiri dukani turudi wote, maana kurudi ni kupanda. Kijani iliwaka. Iliwaka tulipokuwa tunaingia uani kwetu. Nilimwomba Baba azunguke uani mara moja angalau tuifaidi. Akazunguka mara mbili. Mama akachungulia dirishani kuuliza tumedondosha nini.

Jumanne, 11 Machi

Manjano. Geji ya petroli inashuka kama zamani. Ya gesi imejaa tele, haijaguswa.

Kaka amenipa hongera. Alisema wenzetu gesi huipikia, sisi tunaitembeza. Akauliza kama kesho tutaipeleka ikaone na uwanja wa mpira.

Jumatano, 12 Machi

Mpango wa pili. Kama tatizo ni injini baridi, basi iwe na moto kabla ya safari! Nimeamka mapema, nikachukua ufunguo, nikawasha gari, nikaliacha likinguruma uani dakika ishirini. Tulipoondoka taa ikawa kijani tangu getini. Ushindi! Nimeongea dakika zote nane, hasa kuhusu akili zangu.

Baada ya shule Kaka alinishika mkono, akanionyesha geji ya petroli. Kwa kusimama tu uani nilikuwa nimechoma petroli nyingi kuliko safari nzima ya kwenda mjini. Halafu jirani naye, kumbe alikuja asubuhi na mswaki mdomoni, kuuliza ni nani anahama.

Haikuishia hapo. Kaka ameleta mnunuzi! Mwuza nyama wa mtaani. Amezunguka gari, amepiga tairi teke, amefungua buti na kuuliza chungu hiki cha nini. Baba amemwambia aje Ijumaa jioni apate jibu.

Ijumaa. Zimebaki asubuhi mbili.

Alhamisi, 13 Machi

Jioni Baba amenichukua, tukaenda kwa Mama Povu. Alishika mpira wa maji kwa kiganja kama daktari anayepima homa. Akauliza tunaishi wapi. Baba akasema kule juu. Na kazini? Pale chini. Mama Povu akauachia mpira. Kisha akasema lakini mtoto huyu aliniambia mnakwenda safari ndefundefu!

Wote wawili wakanigeukia.

Nikataka kusema. Maneno hayakutoka. Basi nikaingia garini, nikafunga mlango, nikateremsha kioo, nikaungama kutoka humo: kwamba niliitikia tu, kwamba huwa naitikia tu, kwamba kama angeniuliza iwapo gari letu linaruka ningeitikia vilevile. Mama Povu alicheka mpaka akaegemea boneti. Akasema gari halina kosa, linataka mwendo. Injini hiyo, kwa kuteremka, inahitaji dakika kumi ipate moto, na sisi tunafika kwa nane. Kwa safari ndefu litatulipa kila tone. Kwa kushuka mlima, hata toroli lingetosha.

Baba hakucheka wala hakukasirika. Njiani sikufungua mdomo. Garini! Nilikuwa nafikiria kile kiti chenye mgongo.

Ijumaa, 14 Machi

Leo nimejiandaa kuaga gari. Nimeketi, nimefunga mkanda, nimetazama mbele.

Pale chini ya mtaa, njia ya mjini ni kulia. Baba akakata kushoto.

Nikadhani amesahau. Tukapita matangi ya maji, tukapita kiwanda cha matofali, Mama Povu akatupungia mkono wenye povu. Dakika ya kumi taa ikawaka kijani. Baba akakohoa. Akasema, haya, ile sababu ya tatu ilikuwaje?

Nikamweleza. Barabara ile huzunguka mji mzima kabla ya kurudi shuleni. Ni dakika ishirini na tano. Nimemaliza sababu ya tatu na bado barabara ilikuwepo! Yeye naye akanieleza jambo. Kuna kiwanda cha nguo, mwendo wa saa nzima kutoka kwetu, ambacho kilimwandikia mwaka jana awe anaangalia saa zao za ukutani kila Jumamosi. Alikataa kwa sababu ya petroli. Jana usiku amewaandikia kwamba yuko tayari.

Jioni mwuza nyama alikuja, akanywa chai, akarudi kwa miguu. Kaka hajaongea na mtu tangu hapo.

Halafu nikapiga hesabu. Njia ya kulia: dakika nane za petroli. Njia ya kushoto: dakika kumi za petroli, na kumi na tano za gesi juu yake. Njia ya kushoto haiokoi kitu. Inaongeza! Nikataka kukimbia nikamwambie. Nikasimama mlangoni. Baba alikuwa mezani, ameinama juu ya saa ya mteja, saa inayochelewa sekunde mbili kwa wiki, na hizo sekunde mbili alikuwa amezikamata.

Mtu kama Baba hakosei hesabu ya dakika.

Nimerudi chumbani bila kusema. Ahsante, Baba. Naiandika hapa kwa kuwa chumbani siwezi kuitamka.

Jumamosi, 22 Machi

Kiwanda cha nguo. Kwenda: dakika kumi za manjano, hamsini za kijani. Nilitoa sababu ya nne na ya tano, ingawa hazihitajiki tena. Baba alisikiliza zote mbili.

Kina saa za ukutani ishirini na tatu. Baba alianzia chumba cha mashine. Msimamizi alinikuta nimeshika mfuko wa vifaa, akauliza kama na mimi ni fundi. Nikaitikia kwa kichwa. Akafurahi, akanipeleka ukumbi wa kulia chakula, akanionyesha saa inayochelewa dakika nne, akaondoka.

Nilivua viatu, nikapanda mezani, nikaishusha saa. Nikafungua skrubu saba na kuzipanga juu ya daftari hili. Nikapuliza vumbi. Nikarudisha skrubu sita. Saa haichelewi tena, kwa kuwa haiendi. Nikaitundika. Msimamizi alirudi, akauliza kama imepona. Nikaitikia. Akanishukuru sana, nami nikaenda kukaa garini.

Baba alimaliza kazi saa kumi alasiri. Tukaondoka. Injini ilikuwa imeshapoa, kwa hiyo nilisubiri. Taa ya kijani ilipowaka nikamwambia yote, pamoja na skrubu, nikaitoa mfukoni nikamwonyesha.

Baba akaendelea kutazama barabara. Kisha akawasha indiketa, akageuza gari.