Likelemba ya Jioni Bila Simu

Jumatatu, 14 Oktoba

Mapumziko. Darasa zima vichwa chini, vidole gumba vinapanda na kushuka juu ya simu. Hakuna anayecheka, hakuna anayeongea. Hata Laurette! (Mimi pia nilikuwa na simu, lakini kwa ajili ya elimu. Nilikuwa natafuta maana ya neno, nikajikuta namtazama mbuzi anayepanda ngazi. Tena na tena.)

Nimepata mpango. Likelemba! Wamama wa soko kila mmoja anachanga pesa, mmoja anachukua chungu chote, halafu zamu inakwenda kwa mwingine. Sisi tutachanga jioni zetu. Baada ya masomo simu zote zinaingia kwenye kitunga, na mwenye zamu anatuchagulia jambo la kufurahisha.

Watadhani napigana na simu. Ukweli ni huu: nimeandika hadithi, na nataka Laurette aisikie, kwa sauti yangu, mpaka mwisho. Darasani nikiitwa kusoma, sauti yangu hukimbilia tumboni. Mbele ya watu watatu, labda itabaki mahali pake.

Wamekubali Martine, Laurette na, kwa bahati mbaya, Ezéchiel, jirani yangu hapa Cimpunda, ambaye huchekesha watu bila hata kujiandaa. Vikaratasi vya kura nilivikunja mwenyewe. Nimekuwa wa mwisho, kama nilivyopanga. Wa mwisho hupokea wasikilizaji waliokwisha kuzoea kutii.

Jumanne, 15 Oktoba

Zamu ya Martine. Mama yake ana malewa karibu na soko, anapikia wateja. Martine akamwaga gunia la maharagi juu ya mkeka, akatangaza mashindano: atakayepata mawe mengi ndiye bingwa.

Mashindano! Tumemchambulia mama yake maharagi ya wiki nzima! Nilimnong'oneza Ezéchiel kwamba tunatumikishwa. Akanijibu kwa sauti ya juu: "Professa, funga kinywa, fungua macho!" Laurette alicheka mpaka akafuta machozi.

Mimi nilipata jiwe moja. Lilikuwa haragi.

Umeme ulikatika tukiwa bado pale. Hakuna aliyeulizia simu yake. Sijui kwa nini.

Jumatano, 16 Oktoba

Zamu ya Ezéchiel. Burudani yake: kupandisha maji kutoka bomba la chini mpaka kwao juu. Anaiita mbio za bidoni: kila mtu na dumu lake. Ni kazi aliyopewa na mama yake, naijua, naisikia ikitajwa kwa makelele kila asubuhi!

Wengine walipanda wakiimba. Mimi niliteleza kwenye tope. Bidoni yangu iliteremka peke yake, ikapita mbele ya wamama wawili, ikaingia katika banda la kuku la mtu. Laurette alishuka mbio kuniuliza: "Consta, umeumia?" Nilikuwa na jibu zuri sana. Nikasema: "Amina."

Ezéchiel amekwisha kumsimulia kila mtu.

Nimevumilia. Zimebaki siku mbili tu.

Alhamisi, 17 Oktoba

Zamu ya Laurette. Shangazi yake anaolewa mwezi ujao, na yeye yuko katika kundi litakalocheza mbele ya maharusi. Umeme haujarudi, kwa hiyo muziki ulikuwa makofi na sufuria. Ezéchiel alipiga sufuria. Martine alicheza. Laurette akaninyoshea mkono, akasema hatua ni rahisi, hata koko, bibi yake mzee, anaziweza.

Akaninyoshea mkono! Mimi! Nikamwomba ruhusa nirudi nyumbani, kwa sababu sura ya pili bado ilikuwa na koma zisizo mahali pake.

Nadhani alivutiwa na bidii yangu. Alibaki ameunyosha mkono mpaka nikatoka.

Ijumaa, 18 Oktoba

Zamu yangu! Maman alitengeneza chai na mandazi. Simu nne ndani ya kitunga, kitambaa juu yake. Taa ya mafuta. Nikasimama. Sauti ikatoka! Nyembamba, lakini ilitoka.

Sura ya kwanza: ziwa kabla hakujawa na watu. Ezéchiel akauliza mutu wa kwanza anakuya saa ngapi. Nikamwambia avumilie. Sura ya pili: babu wa babu wa shujaa. Martine alikuwa amelala, nadhani kwa utamu. Laurette peke yake alinitazama.

Ghafla mwanga! Cimpunda nzima ikapiga kelele: "Umeme! Umeme!" Ezéchiel akarukia kitunga, Martine akaamka na kukimbia bila viatu, wote wanawahi kuchaji kabla haujakatika tena.

Laurette hakuondoka. Akasema simu yake itangoja. "Consta, acha karatasi. Niambie tu na kinywa. Ule mutoto wa hadithi, inamufikia nini?"

Nikamweleza kwamba shujaa anazaliwa katika sura ya nne. Sisi tulikuwa katika ya pili. Fasihi hairukwi kama dimbwi. Alingoja kidogo, nikitafuta ukurasa. Halafu akamuaga Maman, akaenda zake.

Maman alinitazama kama anavyotazama bugali iliyoungua. "Weye mutoto," akasema, "mutu anakuomba maji ya kunywa, weye unamuelezea mvua."

Jumamosi, 19 Oktoba

Likelemba imeanza mzunguko wa pili bila mimi kuitangaza. Wako kwa Martine, kwenye maharagi. Laurette amepita hapa na kumwachia dada yangu ujumbe: niende, nafasi yangu kwenye mkeka ipo, niwasimulie hadithi na kinywa huku mikono inafanya kazi.

Nimemtuma dada aseme siwezi. Nina kazi kubwa. Maneno ya Maman yamenifungua macho: mvua! Ziwa langu linajitokeza tu katika sura ya kwanza, na hakuna mahali nilipoeleza maji yake yalitoka wapi. Ndiyo maana walikimbia. Nilianza kwa haraka mno!

Naongeza sura mbili za mawingu. Shujaa sasa atazaliwa katika sura ya sita. Laurette atafurahi sana.