Cheche za Oksijeni na Tarumbeta ya Kwanza

Jumatatu, 3 Juni 2024
Aibu! Mazoezi ya matarumbeta kanisani, nimeishiwa pumzi katikati ya ubeti wa tatu. Abdiel, yule muuza vitunguu wa soko la Kwa Mrombo, akaumalizia. Hakuombwa! Mwalimu Gidion akasema tarehe 16 atachagua nani apige tarumbeta ya kwanza Sikukuu ya Mavuno. Achague nini? Ni mimi, miaka kumi na tisa sasa. Nikiipoteza hiyo, mimi ni mzee tu mwenye koti.

Jumanne, 4 Juni
Nimemuuliza Naisula, binti wa marehemu kaka yangu, anayesomea mambo ya mwili chuoni. Akasema, baba mdogo, ndani ya chembe za mwili mna majiko madogo, mitokondria. Yanachoma chakula kwa oksijeni. Cheche za oksijeni zikiponyoka, zinaunguza vimeng'enya, ambavyo ndivyo wafanyakazi wa jiko, na kuchachisha mafuta ya utando wake kama samli iliyosahaulika. Jiko linapoa, nguvu zinaisha.
Kumbe adui ni hewa! Miaka hamsini na sita naivuta bila kujua!

Alhamisi, 6 Juni
Nimeanza kubana matumizi. Pumzi moja pale nilipozoea kuvuta tatu. Hadi saa nne asubuhi mambo safi. Saa nne na dakika tano nikajikuta sakafuni, mke wangu Silantoi ananipepea kwa mfuniko wa sufuria. Ananiongezea hewa! Nikamkaripia. Akasema nikapimwe kichwa.

Ijumaa, 7 Juni
Silantoi kanishtaki. Naisula amepiga simu, anasema nisithubutu kubana pumzi tena. Eti mwili una walinzi wake wa kuzima cheche, na mazoezi ya kiasi huleta cheche chache zinazowaamsha walinzi. Sasa cheche ni mbaya au nzuri? Wafanyakazi wanaungua, walinzi wanaamka, hili ni jiko au stendi? Nimechora picha mara tatu ili nielewe. Kila mara inatokea mbuzi.
Nimeshika kimoja tu: hewa nyingi, cheche nyingi. Basi apewe Abdiel!

Jumamosi, 8 Juni
Nimemshauri Abdiel kwa upole, kama mzazi. Kwao ni Maji ya Chai, chini ya mlima. Kila alfajiri apande kuelekea mlimani, huku akivuta hewa kwa kinywa chote. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema hajapata mzee anayemjali hivi. Nikajisikia vibaya. Ikapita.

Jumapili, 16 Juni
Majiko ya Abdiel hayajaungua! Beti zote nne, wala hakutoa jasho. Mimi nilivuta hewa kidogo kama nilivyopanga, ikatoka sauti ya mbuzi. Gidion kampa yeye tarumbeta ya kwanza. Mimi, matoazi. Tena Abdiel akasimama kuwaambia washarika wote kwamba mimi ndiye niliyemfundisha kupumua. Wakanipigia makofi. Nililia. Wakadhani ni furaha.
Lakini kosa nimeliona. Kule juu ni baridi, na moto haukolei kwenye baridi! Kesho namshauri akafanyie mazoezi Moshi, kwenye joto.
Nimempigia Naisula kumweleza. Akavuta pumzi ndefu sana. Masikini, na masomo yote yale!