Ukurasa wa Kwanza na wa Mwisho

Ijumaa, 1 Julai 1977
Karatu ukungu mtupu. Meza yangu inacheza, mguu mmoja mfupi. Naandika huku nimeikaza kwa goti. Lakini mpango ninao! Germana, dada mpya wa maktaba ya kijiji, amesema anapenda mwanaume msomaji. Basi, mwezi huu nitasoma vitabu ishirini. Nimeazima vitatu palepale. Akaniandika kwenye kadi: "Kaka Josephati, karani wa mizani, ghala la ngano." Kaka! Nani kaomba udada hapa?

Jumatatu, 4 Julai
Vitatu vimekwisha. Siri ni kusoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Katikati ni maneno tu. Nilivirudisha kifua mbele. Germana akauliza mpelelezi alimkamata nani. Nikasema mwizi. Mwizi yupi? Nikasema yule mbaya. Alicheka mpaka akashika rafu! Kwa aibu nikaazima cha ufugaji wa nyuki, kinene kuliko vyote. Ee Mungu wangu, kicheko kile. Leo ghalani kila gunia nimelipima mara mbili.

Alhamisi, 7 Julai, Sabasaba
Gari la sinema limekuja! Shuka jeupe limetundikwa uwanja wa mpira. Nikabeba benchi la Mama kichwani, la watu wawili: mimi na Germana. Kufika tu, nani namwona? Inosenti, dereva wa watalii. Tangu mpaka wa Kenya ufungwe hana mtalii hata wa dawa, kazi yake kuosha Landrova. Na anamfungulia Germana mlango! Sikutaka mtu aone machozi, nikazunguka na benchi langu nyuma ya shuka, nikatazama picha huko, mimi na mbwa mmoja. Baridi, na nusu ya benchi tupu. Niliiwekea mkono muda wote, kama yupo.

Ijumaa, 8 Julai
Nimekwenda maktaba kuonyesha kwamba sikuumia. Nikatangaza kwamba picha ilikuwa nzuri, ila ajabu watu wote mle ni wa mashoto. Wanakula kwa kushoto, wanapiga bastola kwa kushoto, hata padri kabariki kwa kushoto! Maktaba nzima iliangua kicheko. Germana hakucheka. Akauliza polepole kwa nini nilikaa nyuma ya shuka. Akasema Inosenti alimbebea mkeka tu, na kwamba yeye Germana aliutandika mbele kabisa, akamshikia mtu nafasi mpaka picha ikaisha. Nikamwuliza ni nani huyo mwenye bahati. Akanitazama weee. Kisha akasema: "Rudisha nyuki zako, Josephati." Umeona? Hata ukaka kanivua. Nimeshushwa cheo!

Ijumaa, 29 Julai
Vitabu kumi na tisa, na kuhusu nyuki sijui kitu. Leo pigo. Germana amehamishiwa Mbulu, anaondoka na basi la kesho saa nne. Nilisimama mbele ya rafu nikijifanya natafuta kitabu, macho yamejaa. Nani atanicheka sasa? Akanipa cha ishirini, cha kwake mwenyewe. Akanisihi nikisome leo hii, hasa katikati, nimpe jibu kabla basi halijaondoka. Jibu gani tena? Mtihani! Naapa kwa jina la Mama, hiki nakisoma chote.

Jumamosi, 30 Julai
Ukurasa wa kwanza mtamu sana. Usingizi ukanichukua hapohapo, asubuhi nikamalizia wa mwisho. Ishirini! Katikati palikuwa na karatasi imekunjwa, alama ya msomaji fulani. Nikaichomoa, nikaikunja tena mara mbili, nikaisokomeza chini ya mguu wa meza. Dawa! Haichezi tena.

Nikakimbia stendi. Germana yuko mlangoni mwa basi, ananitazama kama mtu anayengoja mvua. Akauliza kama nimesoma. Nikasema chote, neno kwa neno. Akauliza, na pale katikati? Nikamjibu kisomi: mwanzo na mwisho ni safi, ila pale katikati hapakunigusa. Akaitikia kwa kichwa. Akapanda, hakugeuka.

Nilikosea wapi? Labda alitaka msomaji mkubwa zaidi. Agosti nitasoma thelathini, nimfuate Mbulu na orodha. Namkosa mno. Nimelia hapa mezani tangu saa tano, na meza haijatikisika hata kidogo.