Kura Kumi na Mbili za Orrin Haskett

Jumatatu, 2 Desemba
Theluji. Gari limegoma. Nimekwenda kwa Orrin kwa miguu na kufika na masikio yaliyoganda kama ya kuazima. Amekonda mno. Kitanda chake kimehamishiwa sebuleni, karibu na simu. Daktari amemwambia Velda, mkewe, asitegemee kwamba Orrin ataifikia Krismasi.

Jumapili watu kumi na sita watafungiwa chumbani kuamua nani aingie Jumba la Mashujaa wa besiboli. Orrin ni mmoja wa wazee wanane wanaojadiliwa. Kura kumi na mbili zinatosha. Hakuna mrushaji aliyemfikia, nami nimewadakia wengi, magoti yangu ni shahidi. Lakini ukitaja jina la Orrin tu, mtu atakutajia Hollis Quade, mpigaji wa timu pinzani. Ule mpira wa jicho! Karibu miaka arobaini, na watu hawajachoka. Ni kweli Orrin aliapa kabla ya mchezo, mbele ya waandishi, kwamba siku hiyo Hollis angelala chali. Na Hollis akalala chali, jicho la kushoto likaenda na maji.

Leo Orrin kanishika mkono na kuniuliza: je, aliurusha makusudi? Anasema hakumbuki tena. Anakumbuka hasira yake, na sauti ya mfupa. Kumbe hilo ndilo linalomnyima usingizi, wala si Jumba! Ati mimi nilikuwa nimechuchumaa pale pale nyuma ya sahani, yaani beisi anaposimama mpigaji, lazima niwe najua. Nikamwambia yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Nikamsomea hotuba niliyomwandikia kwa ajili ya sherehe. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza huyu Merle anayetajwa kila aya ni nani.

Utani wa mgonjwa. Merle ni mimi, naye anajua vizuri.

Jumanne, 3 Desemba
Cletus Brandvold! Misimu yote ile tuliyocheza naye alisimama beisi ya kwanza akitema maganda ya alizeti, leo ana kipindi cha redio cha asubuhi na anajiona jaji. Katangazia kaunti nzima kwamba Orrin hastahili. Ati mkono ulistahili, mwenye mkono hakustahili. Mnafiki mkubwa!

Nikapiga simu redioni kumtetea Orrin. Mara ya kwanza nilikuwa mkulima wa soya. Mara ya pili mchungaji. Mara ya tatu mama mjane, sauti nyembamba, kilio kidogo. Cletus akaniuliza marehemu mume wangu alikuwa nani. Sikuwa nimejiandaa! Nikakohoa. Akasema hewani, "Merle, mzee mwenzangu, kanywe maji. Na Orrin anakusalimu, nimetoka kumnyoa ndevu sasa hivi."

Mkahawani sasa wananiita mama mjane. Hata mpishi.

Lakini kumnyoa! Anamponda redioni, kisha anakwenda kumpaka sabuni! Nimemuuliza Orrin. Anasema Cletus alimwambia yote usoni kwanza, wakabishana, wakanywa supu ya maharage. Sioni hilo linasaidia nini.

Jumatano, 4 Desemba
Nimechukua suti kwa fundi. Rangi ya krimu. Sherehe ni Julai, lakini mafundi hawaaminiki.

Nikiwa mbele ya kioo, wazo likanijia. Hollis mwenyewe! Amsamehe Orrin hadharani, na kura zote kumi na sita zitamwagika. Nitamshika mkono mimi, mbele ya kamera. Kesho naazima gari la dada yangu.

Alhamisi, 5 Desemba
Nimerudi kutoka Port Clinton.

Hollis anauza chambo kando ya ziwa. Nikampa pai ya maboga, nikaanza hotuba yangu ya msamaha. Akanikatiza. Akasema hana cha kusamehe. Akafunga mlango wa duka na kuketi juu ya ndoo.

Sasa, jambo lenyewe. Mdakaji humpa mrushaji ishara kwa vidole, hapa chini kati ya mapaja. Kidole kimoja, mpira wa kasi. Viwili, mpira wa kupinda. Mpigaji anasimama karibu kabisa lakini hachungulii. Anayechungulia ni mwizi, hata timu yake itamtemea mate. Naye Hollis, bingwa wa wapigaji, alikuwa akichungulia! Aliona vidole viwili. Akajua unakuja wa kupinda, wa upande wa mbali, akainama mbele kuulaki.

Lakini mimi nilikuwa nimegeuza ishara awamu ile ile. Tulikuwa tunapigwa sana, nikahisi kuna mtu anatusoma, ila sikujua ni Hollis. Viwili vikawa mpira wa kasi, upande wa karibu. Orrin akaurusha pale pale nilipoweka glavu. "Ningesimama wima ungenipita," Hollis akasema. "Kichwa changu ndicho kilichoufuata mpira."

Miaka yote hiyo kanyamaza. Aibu. Alipendelea kuonewa huruma kuliko kuitwa mwizi, na huruma ilimpa bia za bure mpaka akazichukia.

Orrin hana hatia! Na aliyegeuza ishara ni nani? Mimi!

Hollis akanyoosha mkono kuchukua simu ampigie Orrin hapo hapo. Nikamzuia. Jamani, watu wengine hawana mipango! Akisema leo, kesho asubuhi Cletus atakuja na wembe wake, ataipata habari na kuitangaza kama yake. Na habari ya Alhamisi huwa imechacha ifikapo Jumapili. Nikamwambia aje Jumapili alfajiri, mimi nitaleta watu wa televisheni sebuleni kwa Orrin, na kamati itasikia kabla haijafungiwa. Akasema mgonjwa hawekwi kwenye barafu kama samaki. Nikamwambia daktari kamkataza Orrin simu.

Uongo mdogo, wa maendeleo.

Ijumaa, 6 Desemba
Watu wa televisheni wamekubali! Nimewaambia waniweke upande wangu wa kulia, wa kushoto una kidevu cha pili.

Orrin kaniuliza tena. Sauti imekwisha, ilibidi niiname. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Mara nikamwona Cletus mlangoni na beseni lake la maji moto. Nikalimeza. Nikamwambia Orrin subira huvuta heri. Akageuza uso ukutani, mabega yakawa yanatikisika. Iliniuma, sitaficha, iliniuma sana. Lakini furaha itakuwa kubwa zaidi Jumapili.

Velda akanifuata mpaka barazani bila koti. "Shemeji, kama unajua kitu mwambie. Hata kibaya. Kinachomuua ni kutojua." Nikamwambia Jumapili, shemeji. Akarudi ndani.

Jumamosi, 7 Desemba
Orrin kafa leo mchana.

Nilikuwa najaribu suti. Cletus ndiye aliyepiga simu, na ndiye aliyekuwa amemshika mkono. Anasema Orrin aliuliza mpaka mwisho, na yeye akamjibu kweli yake: kwamba alisimama beisi ya kwanza, hakuona vizuri, hajui.

Nimelia. Nimelia mpaka kola imelowa.

Jumapili, 8 Desemba
Nimesahau kuwaarifu watu wa televisheni. Wakaja. Na Hollis akaja, alfajiri, kama tulivyopanga. Akakuta majirani wanaingiza sufuria za chakula. Akavua kofia uani, akanielekezea lile jicho moja na kuuliza ni daktari gani aliyekataza simu.

Nikamvuta kando na kumweleza kwamba hakuna kilichoharibika, tubadilishe tarehe tu. Akanipita. Akaingia na kumwambia Velda kila kitu. Nilimsikia Velda akilia kilio ambacho sijapata kukisikia, hata jana hakulia vile. Kisha akatoka mlangoni. Akaniuliza nilijua tangu lini.

Tangu Alhamisi, nikamwambia.

Akafunga mlango. Taratibu, bila kuubamiza.

Jioni matokeo. Kura kumi na moja. Imepungua moja tu! Cletus akafungua kituo cha redio siku ya Mungu, akaeleza habari yote, akaomba radhi huku analia, na kabla hata ya kuulizwa akasema Orrin alistahili. Sasa kaunti nzima inasema alistahili. Mkahawani hakuna aliyeniita mama mjane. Hakuna aliyeniita chochote.

Nimekaa na kufikiri kwa makini kosa lilikuwa wapi. Nimeliona. Watu wengi mno walijua: Hollis alijua, mimi nikajua, na Hollis hana kifua. Jina la Orrin litarudi mbele ya kamati baada ya miaka mitatu. Suti nimeitundika vizuri, nimeiwekea dawa ya nondo. Na safari hii, nikigundua lolote, simwambii mtu.