Mechi ya Elfu ya Gaétan Haché

Jumatatu, 3 Machi

Kosa la watu wengi wanaotazama hoki ya barafu ni kukifuata kisahani kwa macho. Kisahani ni kipande cha mpira mweusi tu, hakina siri. Mtazame beki wakati hana kisahani. Amesimama wapi? Gongo lake limeziba njia ipi? Hapo ndipo utamwona Gaétan Haché. Miaka thelathini na sita. Misimu kumi na saba, timu kumi na moja, miji kumi na mmoja. Ligi kuu alicheza mara moja, dakika nne. Meno manne ya mbele hana. Hajafunga bao tangu mwaka juzi, na sijaona kazi safi kuliko yake. Mechi 999.

Leo Kocha Wozny ametangaza kuwa mabeki wamezidi. Jumamosi atabaki mmoja hapa Campbellton: Gaétan, au Brody Lindquist, kijana wa Manitoba mwenye miaka ishirini na mmoja. Mwingine aende zake. Gaétan aikose ya elfu kwa mechi moja? Haiwezekani. Nimefundisha fizikia miaka thelathini na mmoja, na sasa ninanoa vyuma vya viatu vya timu. Fizikia itamwokoa.

Jumanne, 4 Machi

Maelezo kwanza. Chuma cha kiatu cha barafu si kisu. Chini yake kuna mfereji, na mfereji huo huzaa kingo mbili. Ukiwa na kina, kingo hung'ata barafu. Ukiwa hauna kina, mtu huteleza. Brody amezoea wenye kina. Nimemnolea usio na kina.

Alianguka mara tatu. Akaukumbatia ukuta. Wenzake wakagonga magongo barafuni kwa kejeli. Mimi nyuma ya mashine ya kunoa, raha tupu.

Dakika ya kumi akazoea. Dakika ya ishirini akawa hashikiki. Kumbe kingo zisizong'ata sana hazimchoshi mtu! Somo hili nimelifundisha kila Oktoba, ubaoni, kwa chaki za rangi. Kocha akauliza huyu kijana amekula nini. Brody akaja kunishukuru, akaomba ninoe vivyo hivyo kila siku, akaniachia boksi la donati. Nimekula mbili, kwa hasira.

Jumatano, 5 Machi

Nimegeuza mbinu. Mfereji wa kina kupita kiasi, achimbe barafu kama anayevuna viazi. Sikujua kwamba Gaétan hupitisha ukucha kwenye chuma cha kila mchezaji kabla ya mazoezi. Ndiyo tabia ya mtu aliyenolewa viatu na walevi wa kila aina. Akaja mezani kwangu na viatu vya Brody mkononi, akafunga mlango.

"Mwalimu, huyu mtoto amekukosea nini? Chuma kingenasa, goti likaenda na maji."

Nikasema mashine imechoka.

"Mashine gani inayochoka kwa mtu mmoja?"

Hakupandisha sauti. Alivuta kiti. Akasema amewahi kuachwa na timu kwa simu, kwa barua, na mara moja habari aliletewa na dereva wa basi. Lakini hajawahi kubaki kwa sababu mwenzake ameangushwa, na hataki kuanza uzeeni. "Mnolee kama jana. Anapendeza akiteleza."

Nikamnolea. Kisha nikamwona Gaétan akikaa na Brody barafuni saa nzima, akimfundisha kurudi kinyumenyume. Mtazame mtu kifuani, alimwambia. Macho hudanganya, kisahani hudanganya, kifua hakina pa kwenda bila mwenyewe. Anamfundisha anayetaka kumtoa kazini! Aibu ilinikaa hadi chakula cha jioni.

Alhamisi, 6 Machi

Leo njia ya heshima. Mchezaji wa mechi elfu hupewa gongo la fedha, ndiyo desturi. Nimepaka gongo kuukuu rangi ya fedha, nikaandika jina lake na tarakimu 1000, nikalisimamisha chumbani mwa wachezaji. Kocha aone haya kumwacha.

Nilisahau desturi kubwa zaidi. Jambo halisherehekewi kabla halijatimia, ni mkosi. Wachezaji ishirini wakaganda. Golikipa Fournier, ambaye hajabadilisha soksi tangu Oktoba, akatoka nje na kugoma kurudi. Kocha akalifunika gongo kwa taulo.

"Alban, unamfanyia mtu matanga akiwa hai?"

Gaétan peke yake alicheka, hadi akashika mbavu. Akasema angalau jina limeandikwa sawasawa. Timu yake ya saba ilikosea herufi msimu mzima.

Jumamosi, 8 Machi

Orodha imebandikwa saa nne asubuhi. Brody yumo. Gaétan hayumo.

Kocha akaniambia, bila kujua anamwambia nani, kwamba hadi Jumatatu alikuwa amemchagua Gaétan. Mazoezi ya Jumanne ndiyo yaliyombadilisha mawazo. Nikakaa chini, juu ya ndoo ya visahani.

Gaétan alifunga mfuko wake kwa dakika nne. Mkono kwa kila mtu. Brody machozi yalimtoka. "Acha hayo, wewe. Kifua, umesikia? Na viatu mpe huyu mzee. Roho yake ina mawaa, lakini mkono wake ni safi."

Hakuondoka. Alivaa suti, akaketi karibu nami jukwaani, akatazama mechi yote. Kila Brody aliposimama mahali panapostahili, alinigusa kiwiko. "Pale," alisema. Mara kumi na tisa. Nilihesabu.

Jumapili, 9 Machi

Simu imemjia Gaétan alfajiri. Timu ya Edmundston ina beki mgonjwa. Mji wa kumi na mbili. Atacheza ya elfu Ijumaa, ikiwa kocha wa huko atampanga yeye badala ya beki mmoja mrefu kutoka Ufini. Ameondoka na chupa ya supu ya kuku ya mke wangu Ludivine, akipiga mluzi.

Ludivine ameniuliza wiki hii imenifunza nini. Nimemjibu: mengi. Nilianza kazi bila taarifa za kutosha, basi. Mnoaji wa viatu kule ni Léo Cyr, niliyemfelisha fizikia mara mbili, na bado ananiogopa. Lazima atakuwa anajua udhaifu wa yule Mfini.

Alban, mpigie Léo simu leo, kabla ya chakula cha mchana.