Taulo la Kiti cha Karani Mkuu

Jumatatu, 9 Septemba

Leo Bwana Lahiri ametukusanya ofisi nzima, kuanzia wahasibu mpaka mzee wa chai, akatangaza kwamba kampuni inanunua roboti. Kila mtu akanyoosha shingo kutazama mlangoni. Hakuna aliyeingia. Kumbe roboti yenyewe haina miguu, haina kichwa, haina hata sura! Ni programu tu. Inakaa ndani ya kompyuta, inasoma barua pepe za wateja, inaandika oda, inatoa ankara, inapeleka amri ghalani chai ipakiwe. Yaani kazi yangu. Kazi yangu yote, tangu enzi nilipokuwa na nywele!

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kulalamika. Bwana Lahiri akaongeza jambo. Tarapada Babu, karani wetu mkuu, anastaafu kabla ya sikukuu ya Durga Puja, na atakayeifundisha roboti kazi ikaiva ndiye atakayekalia kiti chake.

Kile kiti! Kiti chenye taulo jeupe mgongoni! Kolkata nzima inajua, mwenye taulo kitini ndiye mtu, sisi wengine tunakaa tu. Mkono wangu ukapaa wenyewe. Bahati mbaya na wa Hajra ukapaa. Nirupam Hajra, meza ya pili kutoka kwangu, kiherehere wa kuzaliwa. Akanigeukia mbele za watu, eti kaka Kanjilal, si juzi tu ulikuwa unaniuliza kitufe cha kuwasha kiko wapi? Watu wakaangua kicheko. Nikasonya.

Lakini nimechaguliwa mimi! Bwana Lahiri kasema hakuna anayezijua tabia za wateja kama mimi. Hajra kapewa kazi ya kununua maua ya sikukuu ya Vishwakarma. Inamfaa kabisa.

Nikirudi nyumbani nimepitia soko la Gariahat nikanunua taulo langu mwenyewe. Jeupe, zito, la heshima. Nimelificha nyuma ya pipa la mchele, mke wangu Malobi asilione.

Jumanne, 10 Septemba

Malobi kaliona. Kalitumia kukaushia nywele zake. Kaniuliza limetoka wapi, nikasema ni zawadi ya ofisini. Kasema ofisi yenu sasa imeanza kuwa na akili.

Fundi wa roboti amefika kutoka Bengaluru. Nilitegemea mtu mzima mwenye miwani. Kaja binti, jina lake Revathi, ananiita anko. Anko! Mimi mwenzake kazini! Hajra kalidaka neno hilo hapo hapo, mpaka jioni ni anko hivi, anko vile.

Kazi yenyewe rahisi. Revathi kaniambia nifanye kazi zangu kama siku zote, programu itanitazama na kuiga. Nikaanza na Bwana Seitkali, mteja wetu wa Almaty. Yeye tangu enzi za baba yake Bwana Lahiri huandika maneno mawili tu: kama kawaida. Basi nikaifundisha roboti: ikija barua isiyotaja kiasi, usimsumbue mtu kwa maswali, angalia alichochukua mara ya mwisho, mpelekee kile kile. Ndivyo wanavyofanya watu wenye adabu. Hata Bwana Lahiri mwenyewe, kila sikukuu humchukulia mama mkwe wake sanduku moja la chai ya Darjeeling ya mavuno ya kwanza, na hajawahi kuandika kiasi.

Revathi akauliza kama ni barua zote. Nikamwambia zote, binti, ofisi hii ina heshima zake.

Kisha likanijia wazo zito. Roboti ikishajua kila kitu, mimi nitabaki wa nini? Wa kumwagilia maua? Hapana! Nikamwambia Revathi kwamba kwa sheria ya nyumba hii hakuna karatasi inayotoka mpaka nimeiruhusu mimi, na jina langu lazima liandikwe chini yake. Akaniuliza sheria hiyo imeandikwa wapi. Nikamkazia macho. Kaiingiza.

Sasa waje waniondoe! Bila Kanjilal hata jani moja la chai halivuki mlango.

Alhamisi, 12 Septemba

Roboti imeanza kazi. Mungu wangu.

Inafanya kazi kama mwendawazimu! Haipumziki, haiendi kununua paan ya kutafuna, haipigi hata soga kidogo kuhusu mpira. Inamaliza oda moja, inaniletea niiruhusu. Sijashusha kidole, nyingine hiyo. Chai yangu imepoa mezani mara tatu. Usingizi wangu wa baada ya chakula, ambao hata Bwana Lahiri mkubwa, marehemu, aliuheshimu, umekufa kabisa. Nikaenda msalani, simu ikalia humo humo: oda inasubiri ruhusa yako. Nikaruhusu nikiwa nimechuchumaa. Haya ndiyo maendeleo?

Kibaya zaidi, Hajra hana la kufanya sasa kwa sababu kazi yake nayo imechukuliwa na roboti, basi kaweka miguu juu ya meza anasoma gazeti. Kila simu yangu ikilia anasema bosi wako anakuita, anko. Bosi! Nilitaka kuletewa mtumwa, nimeletewa bwana!

Jumatatu, 16 Septemba

Nimepata dawa. Nimelala vizuri kwa mara ya kwanza.

Nimemwambia Revathi anitengenezee roboti ya pili. Ya kwanza ilete, ya pili iruhusu, kwa jina langu, mimi nikae nilivyokuwa nikikaa. Akasita. Akasema anko, sasa ruhusa itakuwa na maana gani? Nikamwambia maana yake ni mimi. Kaniachia programu ya kufundishia niifundishe mwenyewe, kwa sababu alikuwa na ndege ya kwenda kwao. Mlangoni kanikumbusha kwamba roboti itarudia kila nitakachofanya, hatua kwa hatua, kila mara. Nikampungia mkono. Nani asiyejua hilo?

Nikaifundisha. Nikaruhusu oda moja. Halafu nikaona, kwa nini niiache bila adabu? Kila asubuhi mimi humtumia Bwana Lahiri picha ya ua la waridi lenye umande na maneno ya kumtakia siku njema. Hajanijibu hata siku moja lakini najua yanamgusa. Basi nikamtumia waridi, kwa sanduku la barua la oda kwa sababu langu limejaa, roboti ikiangalia. Sasa hata salamu zangu zinajituma zenyewe. Hajra angewaza hili maisha yake yote asingelifikia.

Kesho ni Vishwakarma, mungu wa mafundi, ofisi imefungwa. Bwana Lahiri keshaweka kwenye barua zake lile jibu linalojituma lenyewe: tuko kwenye sikukuu, tutarudi Jumatano.

Jumanne, 17 Septemba

Nina hasira!

Tumekuja ofisini kwa ibada, kama kila mwaka. Leo hakuna kifaa kinachofanya kazi. Fundi hagusi nyundo, dereva hawashi gari, na sisi tunazima kompyuta, tunazipaka msandali na unga mwekundu, tunazivisha mataji ya maua. Tarapada Babu akauliza roboti iko wapi nayo ivishwe. Mzozo! Huyu anasema iko kwenye skrini, yule anasema iko Bengaluru. Mwishowe wakalivisha taji kabati la mitambo kule nyuma, Tarapada Babu akapiga magoti mbele yake, akaniagiza niizime ipumzike.

Ipumzike! Mimi nilikuwa na hesabu yangu. Kesho Bwana Lahiri akifungua kompyuta akute oda zote za sikukuu zimeshapangwa, zote na jina langu, atasemaje? Atanikabidhi kile kiti kwa mikono yake miwili. Na mungu wa mafundi anashughulika na vitu vyenye chuma. Hii haina chuma, haina jasho, inapumzika nini? Nikazima skrini tu. Taa ndogo ya kijani nikaifunika kwa ua.

Tukapanda darini kurusha vishada. Hajra kakata uzi wa kishada changu. Si mara moja! Kila nikirusha kingine anakikata, halafu anapiga kelele kama mwehu, na watu wa bohari wanampigia makofi. Na pande nzuri za nyama ya mbuzi kazimaliza yeye. Nimeambulia mfupa na viazi. Nasema hivi, siku nitakayokalia kiti chenye taulo, Hajra atakuwa anapeleka barua kwa miguu.

Jumatano, 18 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Nimefika ofisini nikitabasamu. Bwana Lahiri hayupo. Simu ikalia, ni yeye, yuko nyumbani kwake Ballygunge. Sauti yake ilikuwa ya chini sana, ile ya mtu anayejizuia. Akasema, "Kanjilal, mama mkwe wangu kakaa juu ya sanduku la chai barazani. Hawezi kuingia ndani kwa sababu ndani kumejaa masanduku. Hawezi kutoka getini kwa sababu getini kuna malori. Na kila sanduku lina jina lako."

Nikamwambia heri ya sikukuu.

Revathi kaelezea kwa simu, taratibu, kama anamwelezea mtoto. Jana asubuhi Bwana Seitkali aliandika kama kawaida. Roboti ya kwanza ikaandaa oda. Ya pili ikairuhusu na kumtumia Bwana Lahiri waridi. Barua za Bwana Lahiri zikajibu zenyewe kwamba tuko kwenye sikukuu. Jibu likaingia kwenye sanduku la barua la oda, halikutaja kiasi, na roboti ya kwanza ikafanya kama ilivyofundishwa: ikaangalia Bwana Lahiri alichukua nini mara ya mwisho. Sanduku la mavuno ya kwanza, nyumbani kwake. Ya pili ikaruhusu. Ikatuma waridi. Jibu likarudi. Sanduku jingine. Waridi. Sanduku. Waridi. Sisi tuko darini na vishada, zenyewe zinapeana heshima huku chini mpaka ghala likaishiwa mavuno ya kwanza yote. Na watu wa bohari, leo alfajiri, wakapakia bila kuuliza. Nilipowafokea kwa nini hawakuuliza wakanijibu, si wewe umeruhusu?

Tarapada Babu kasema ndiyo malipo ya kumfanyisha kazi mtumishi wa mungu siku yake. Analia machozi ya kweli. Mimi ndiye ningepaswa kulia! Nani alimtuma Bwana Lahiri aweke majibu yanayojituma? Mtu mwenye adabu akitumiwa ua hujibu mwenyewe!

Ijumaa, 20 Septemba

Siku mbili nimebeba masanduku kutoka nyumbani kwa Bwana Lahiri, mimi na wapagazi. Mama mkwe wake, Bi Hemnalini, kasimama juu ya ngazi ananihesabia hatua. Kila nikipita ananiuliza, "Wewe ndiye yule wa maua?" Kisha akawaambia wapagazi, mwangalieni vizuri, huyu ndiye aliyenizuia kwenda msalani siku nzima. Aibu niliyoipata sijapata kuiona.

Leo mchana Bwana Lahiri katoa hukumu. Kiti kapewa Hajra. HAJRA! Kwa sababu gani? Kwa sababu hakufanya lolote! Hakugusa roboti, hakutuma waridi, kasoma gazeti, kakata vishada, kala nyama. Na keshaleta taulo lake, kubwa kuliko la Tarapada Babu, lina maua pembeni. Kalitandaza mgongoni mwa kiti, kakaa, kaegemea nyuma, kafumba macho. Roho iliniuma mpaka nikatoka nje kunywa maji.

Mimi je? Roboti ya pili imezimwa. Nitakuwa nabonyeza ruhusa kwa kidole changu, moja baada ya nyingine, mpaka nistaafu. Bwana Lahiri kasema si ndiyo sheria ya nyumba hii?

Malobi kaniletea samaki wa haradali. Kasema mwanamume mzima kuumia kwa ajili ya kitambaa cha kujifutia. Kasema na hata hivyo taulo tunalo. Haelewi. Hataelewa kamwe.

Ijumaa, 4 Oktoba

Hajra kesho anakwenda Puri na mkewe, sikukuu nzima, kutazama bahari. Nimemsikia akijisifu kwamba keshaweka lile jibu linalojituma lenyewe. Karani mkuu lazima awe nalo, eti.

Nimekaa nimefikiri sana. Ile shida ya Vishwakarma haikuwa ya roboti. Wala haikuwa yangu. Ilikuwa ni kumtumia ua mtu asiyestahili lawama. Na nimekumbuka kwamba Hajra, mwaka jana, alichukua sanduku moja la chai ya vumbi, ile ya chini kabisa, kwa ajili ya kibanda cha chai cha shemeji yake. Lilikwenda nyumbani kwake. Bado limo kwenye kumbukumbu.

Nimeiwasha roboti ya pili. Kidogo tu, kwa siku za sikukuu, kidole changu nacho kipumzike. Na nimeifundisha kumtumia Hajra ua. Si waridi, nimejirekebisha: yungiyungi. Akirudi kutoka Puri akute nyumba yake imejaa vumbi mpaka darini, Bwana Lahiri aone mwenyewe ni mtu gani kamkalisha kwenye kile kiti.

Jina la mruhusu nimeliangalia pia. Lilikuwa limeandikwa kwa herufi ndogo, pembeni, halisomeki. Nimelikuza, nikaliweka katikati, lionekane kwenye kila sanduku: S. KANJILAL. Safari hii watu wajue kazi hii ni ya nani.

Taulo nimelifua. Linakauka.