Mbegu Zinazokohoa

Jumatatu, 4 Machi
Msonyo. Mrefu, wa polepole, kama mtu anayechana shuka. Mama mkwe aliutoa jana baada ya kulikagua tumbo langu, kisha akauliza kama huko chuo kikuu nilifundishwa kusoma tu. Miaka mitatu ya ndoa! Mume wangu, shujaa wangu, akatoka nje kuvuta sigara.

Angeweza kumwambia mama yake ukweli. Majibu ya kipimo chake yako kwenye droo tangu mwezi jana: mbegu chache, na hizo chache zinajikokota. Daktari alimweleza waziwazi kwamba moshi una mkono wake hapo. Aache kwa miezi mitatu, mwili utengeneze mbegu mpya, arudi apimwe. Aliitikia kwa adabu zote. Akawasha moja mlangoni pa zahanati.

Jumanne, 5 Machi
Nina mpango. Mimi ni msahihishaji wa prufu kwenye kiwanda cha uchapaji: nasaka makosa kabla kitabu hakijachapwa. Silaha yangu ni maneno. Onyo la kwenye pakiti halimgusi kwa sababu limeandikwa na mtu asiyemjua. Mimi namjua. Nimechapa stika nyembamba ishirini na kuzizungushia sigara zake, moja moja, juu kidogo ya kichungi: MBEGU ZAKO ZINAKOHOA. Maandishi madogo, yenye heshima. Pakiti nimeirudisha kwenye koti lake. Kazi safi!

Jumatano, 6 Machi
Balaa. Mume wangu hasomi kitu kilicho chini ya pua yake. Sigara ya kwanza alimpa meneja wa bohari anakofanya kazi. Meneja akavaa miwani. Akasoma kwa sauti, mbele ya wapakiaji wote. Ana watoto sita, lakini aliitupa kama kaa la moto.

Matokeo: meneja ameacha sigara. Leo leo! Mtu wa kwanza kuokolewa na kalamu yangu, na wala sina haja naye. Kwa shukrani amemwachia mume wangu katoni nzima ya sigara aliyokuwa nayo ofisini.

Wapakiaji nao wamempa jina jipya: Mzee Kikohozi. Alirudi amenuna, akauliza kama nimerukwa na akili. Nikamjibu kwamba kisarufi sentensi haina kosa. Hakucheka. Akanipa mgongo, akasema anaogopa kuacha. Itakuwaje akiacha, apimwe tena, na majibu yawe yale yale? Sasa hivi angalau ana kitu cha kulaumu.

Nilimhurumia dakika tano nzima. Nilifikiria hata kumshika mkono. Ndipo likanijia wazo bora zaidi.

Jumamosi, 9 Machi
Mwanaume akijua anakuwa baba, huacha sigara mwenyewe. Ni saikolojia ya kawaida. Basi nimemwambia nina mimba. Hesabu nimeifanya vizuri: miezi mitatu ya mbegu mpya, tisa ya mimba yenyewe, jumla kumi na miwili. Nitachelewa kidogo kujifungua, basi.

Alilia. Alinikumbatia mpaka miwani yangu ikapinda. Niliona aibu, ila ya kiasi.

Jumapili, 10 Machi
Amemwambia mama yake. Mama mkwe amefika kabla ya chai, na begi, anasema hatoki mpaka mjukuu aote meno. Ananiita malkia. Kanifukuza jikoni, eti nisiguse hata sufuria.

Mume wangu nimemkuta barazani, na sigara. Ya pili! Ya kusherehekea. Akanicheka, akasema daktari yule akapime mbuzi: kama moshi unadhuru mbegu, hili tumbo limetoka wapi?

Nimenaswa na uongo wangu mwenyewe. Mimi, mwenye shahada! Mama mkwe akatokea na kiti, akanikalisha. Wote wawili wakanitazama kwa upendo ambao sijawahi kuuona katika nyumba hii. Mwanamke mwenye akili timamu angeungama hapo hapo. Mdomo niliufungua kwa nia hiyo kabisa.

Nimeshawaambia ni mapacha, na kwamba mapacha hawastahimili moshi hata chembe.